Mikono Isiyoogopa Moto

Miaka ile ya hamsini nilikuwa dresa, msaidizi wa daktari, na kazi yangu ilikuwa kutafuta ukoma. Nilianzia Iringa, nikahamishiwa Mbeya, na kutoka huko nilizunguka vijijini kwa baiskeli, au kwa lori la mizigo nilipokwenda mbali, mpaka Rujewa kule Usangu. Watu walipanga mstari mbele ya kanisa au kwa jumbe, nami nikawapitia mmoja mmoja. Nilitafuta baka lililopauka, lisilowasha wala kutoa jasho. Nikiliona, nilimwambia mwenye nalo afumbe macho, kisha nikamgusa kwa ncha ya pamba, hapa na pale. Aliyehisi alionyesha kwa kidole mahali nilipogusa. Asiyehisi alibaki kimya.

Daktari wetu, Mzungu aliyekuja mara moja kwa mwezi, aliwaambia wageni kwamba mimi namtambua mgonjwa akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara. Nilijifanya sisikii.

Mke wangu alikuwa Mhehe, tulioana Iringa. Mbeya hakuipenda kwa sababu ya ukungu na baridi. Juni yetu ya kwanza huko aliniambia kwamba vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, kile kidogo na jirani yake, vinakufa ganzi.

"Baridi hiyo," nilimjibu, macho yangu yakiwa kwenye daftari la kazi. "Ota moto."

Akaota moto. Hakunitajia tena vidole vyake.

Mwaka uliofuata baka likamtokea juu ya kiwiko, mkono uleule. Nililiona akifua. Nakumbuka hata nguo aliyokuwa akifua: koti langu jeupe la kazi. Nikamwambia ni mba, apake mafuta. Baka likaendelea kupanuka. Alirudi shambani jasho linamtiririka usoni na mabegani, na mahali pale pakabaki pakavu kama karatasi. Sindano ikaanza kumponyoka aliposhona. Akavunja vikombe viwili katika wiki moja, nami nikamwambia awe mwangalifu. Hakuna nililofichwa. Alikuwa mbele yangu kila siku, na kila asubuhi niliondoka kwenda kuwachunguza wake za watu wengine.

Kitu kimoja watu walimsifia, nacho ni mikono yake. Aliipua sufuria jikoni bila kitambaa, akaitua polepole kana kwamba imetoka mtoni. Jirani zetu pale Ilomba, mtaa tuliokaa, walicheka wakasema huyu mama mikono yake ni ya chuma. Nilijivuna. Wakija wageni, nilimwomba aipue sufuria wakiwa wanatazama, naye aliipua, hakukunja uso.

Adhuhuri moja alitufikia mama mzee kutoka Rujewa. Miaka kadhaa nyuma mimi ndiye niliyemgundua kwenye mstari. Alipelekwa kwenye makazi ya wagonjwa, akapona, ingawa vidole vya mkono wake wa kulia vilikwisha kuwa vigutu. Alituletea mchele wa shukrani. Tulimkaribisha tukaketi mlangoni pa jiko, mke wangu akipika, mimi nikimsimulia mgeni jinsi nilivyowapata wagonjwa wanane katika safari moja.

Wali ulipoiva, mke wangu akaishika sufuria kwa mikono mitupu. Niliendelea kuzungumza. Yule mama hakuwa akinisikiliza tena. Alikuwa akiitazama mikono ile, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bwana Dresa," alisema. "Mkeo ameungua."

"Amezoea, mama."

"Hajazoea. Husikii harufu?"

Nikaisikia. Ilikuwa harufu ya ngozi, na ilikuwa imejaa jiko zima.

"Mimi pia walinisifu hivyo hivyo," alisema taratibu. "Mama mkwe alinisifu mpaka vidole vikaisha."

Mke wangu aliitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi. Niliinuka nikaenda kuchukua mkoba wangu. Nikarudi na pamba. Nikamketisha kwenye kigoda, nikamwambia afumbe macho, na kila nikimgusa anionyeshe kwa kidole.

Nikamgusa juu ya kiwiko. Nikamgusa katikati ya baka, na pembeni yake, na kwenye kidole kidogo, na kwenye kiganja upande uleule, kisha kwenye kiganja cha pili. Nikarudia tena tangu mwanzo. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mbona huanzi?" mke wangu aliuliza, macho yake yamefumbwa.

Nikamgusa tena kidole kidogo. Akafumbua macho akaikuta pamba juu ya mkono wake.

"Nilidhani ulishaona," alisema. "Tangu zamani. Nilidhani umeona, na umeamua kunyamaza kwa sababu ya aibu ya kazi yako. Basi na mimi nikanyamaza."

"Sikuona."

"Wewe?"

Neno hilo moja ndilo lililoniumiza. Lau angelia au kunitukana, ningejua la kufanya.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Watoto wetu wawili walichunguzwa na daktari mwenyewe alipokuja, maana nilimwambia mikono yangu haifai kwa kazi hiyo. Walikuwa salama. Mke wangu alipewa vidonge vyeupe akavimeza miaka mingi. Baka lilirudi rangi yake. Vile vidole viwili havikunyooka tena, na kimoja kilipoteza ncha kwa kidonda cha moto wa siku ile.

Niliendelea na kazi, kwa kuwa sikuwa na nyingine. Nyumbani hatukugombana. Alinipikia, alinicheka nilipokosea Kihehe, alinizikia mama yangu kama mamaye. Lakini vidonge vyake alivifuata mwenyewe kwa dresa mwingine, akitembea peke yake hadi mtaa mwingine na kurudi. Na hata mwiba ulipomchoma mguuni, nami nimeketi hapohapo ukumbini, alichechemea hadi kwa jirani, akamwomba yeye amtazamie.