Upepo Niliomwekea Mama

Mnaonifahamu mtanicheka kabla sijafika katikati, na mna haki, kwa sababu siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ya mama yangu, kwetu Nyamigogo, nilimvua nguo mbele ya ukoo mzima.

Mama hakuacha video hata moja, na baba alikuwa akiniuliza kwa simu kama hakuna namna ya kumwona tena akitembea, nami (mwenye shahada, mwenye mvi, nikiishi Ngara mjini kwa kuchora) nikamwahidi atamwona akitoka kisimani. Nilichora kwa mkono, karatasi baada ya karatasi ili zikiunganishwa atembee kama kwenye katuni, uso wake, ndoo kichwani, mikono na miguu; kitenge alichojifunga kifuani nikakiachia kompyuta, maana kuna programu inayokokotoa jinsi kitambaa kinavyopinda kwa uzito wake na kwa upepo. Kiwiliwili sikukichora (kingefunikwa, nani angekiona?).

Asubuhi ya shughuli nikaona kitenge kimekakamaa kama bati, nikaongeza upepo, na kwa kuwa chaji ilikuwa inaisha nikatazama mwanzo tu, nikaridhika.

Sebuleni tulifunika madirisha kwa mablanketi na kutundika shuka jeupe mbele ya projekta. Mama akatokea, baba akasogeza kiti mbele. Kisha upepo ukaja, kitenge kikamfunika uso, kikang'oka, kikapotelea nje ya shuka, na mama akaendelea kutembea: kichwa, mikono, nyayo, na katikati hakuna kitu. Katekista akafanya ishara ya msalaba. Nikatafuta pa kuizimia, nikabonyeza pa kurudia, kwa hiyo akavuliwa mara ya pili.

Shangazi akasimama. “Mwanangu, sisi tulizika mtu mzima. Huyu umemtoa wapi?”

Walicheka hadi wakatoka nje kula. Baba alibaki, akaniomba niirudie na kuisimamisha kabla ya upepo, akamtazama kwa muda mrefu.

“Upepo si kosa,” akasema. “Mama yako upepo ukija alishika fundo, hapa, kwa mkono wa kushoto. Wewe mkono huo umeuacha unaning'inia.”

Utoto wangu wote nilimfuata nyuma kwenye njia ile ya kisimani, na sikukumbuka.

Nimeapa sitaonyesha tena kazi ambayo sijaitazama hadi mwisho. Na mkono ule ninauchora upya kila ninapokwenda nyumbani, baba akiwa ameketi kando yangu. Anautazama, ananirudishia karatasi kwa upole, anasema bado si wake.