Sikukuu ya Kumwendea Mzazi

Desemba hii nimemwona mtu amevaa koti jekundu na ndevu za pamba, amesimama mlangoni mwa duka moja kubwa pale Malindi, jua la saa saba mchana. Jasho lilimtiririka hadi rangi ya koti ikamchafua shingo. Mjukuu wangu alitaka kupigwa picha naye, na kijana wa mlangoni akaniambia nilipe kwanza. Nikamwuliza huyu ni nani. "Mzee," akanijibu, "huyu ndiye Krismasi." Nilikasirika sana. Hasira hiyo haijanitoka, ndiyo maana nakuandikia wewe, ambaye pengine unakumbuka kama ninavyokumbuka.

Mimi nililelewa upande wa Tezo, kusini mwa Malindi, na miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa mtoto wa kwaya. Kanisa letu lilikuwa la udongo na makuti. Mwezi wa Noeli ulikuwa pia mwezi wa kuchoma korosho, na moshi wake mzito wa mafuta uliingia hadi ndani ya ibada, ukatuwasha macho huku tukiimba. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi na midomo imebabuka kwa utomvu. Nguo mpya tulipata tulipojaliwa. Zawadi za kufungwa kwa karatasi hatukuzijua.

Lakini tulikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuikosa. Tuliiita kumwendea mzazi. Asubuhi ya Noeli, ibada ikiisha, hatukwenda nyumbani kula. Sote tulitoka kwa miguu, kwaya mbele, hadi nyumba ya mwanamke aliyejifungua karibuni kuliko wote. Wanawake walibeba unga, nazi na kuku. Wanaume walibeba kuni. Sisi watoto tulibeba maji, na ole wako ukiyamwaga njiani. Tulimwimbia mtoto, tukapika palepale, tukala pamoja na wenyeji. Mzazi alipewa uji wa pilipili manga kwanza, kabla hata katekista hajaonja kitu. Hakuna aliyeuliza ni nyumba ya nani. Bibi yangu, ambaye kwetu tulimwita hawe, alikuwa akisema kwamba mtoto wa Mungu alizaliwa watu wakiwa wamelala, basi na sisi tusilale tena.

Mwaka ninaotaka kukuambia, mtoto mdogo kuliko wote alizaliwa kwa mgema wa tembo aliyekaa nyuma ya mashamba ya mkonge. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani na mimba, na baba wa mtoto hakutajwa. Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu, mwenyekiti wa kanisa alisimama akatutangazia habari njema. Hoteli moja ya watalii huko Malindi imeomba kwaya iende ikaimbe siku ya Noeli. Watatuletea basi, na wametuahidi mabati ya kuezeka kanisa. Tena wanataka hori, pamoja na mama na mtoto.

"Mtoto tunaye," hawe alisema kutoka upande wa wanawake. "Yuko kwa mgema."

"Mama, yule ni mdogo kama panya. Wageni watashtuka." Mwenyekiti alicheka kidogo. "Na mamake hana mume. Tutasema nini?"

"Hata huyo tunayemwimbia, mamake aliulizwa hayo hayo."

Watu waliinamisha vichwa. Mwenyekiti akasema basi atamtoa mtoto wake mwenyewe, mnene, mwenye afya, anayecheka na kila mtu.

"Yule ana meno," jirani yetu, mwanamke mcheshi, alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote. "Atawang'ata Mamajusi."

Kanisa zima likacheka, na katika kicheko kile shauri likapita. Kumwendea mzazi, tuliambiwa, kutafanyika tukisharudi.

Nami nilikwenda. Nisijifiche nyuma ya utoto wangu. Nilijua hawe alitaka nibaki, maana asubuhi ile aliweka mtungi wa maji mlangoni na kuniangalia. Niliuruka mtungi nikakimbilia basi. Nilikuwa sijawahi kupanda basi lenye viti vya kitambaa.

Pale hotelini tuliingizwa kwa mlango wa jikoni, kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa wa wageni. Tulikuwa tumejiandaa kuimba juu ya Mariamu na Yosefu waliokosa nafasi katika nyumba ya wageni, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Tulipita kati ya masufuria tukiwa na matawi mikononi. Bwana mmoja mwenye tai akatusikiliza tukijaribu sauti, akatikisa kichwa. "Huo wa huzuni acheni. Watu wako likizo. Hamna wa kukaribisha wageni, wa kupiga makofi?" Tukaimba wa kupiga makofi. Mtoto wa mwenyekiti alitambaa akatoka horini, akavuta ndevu za mzee wa koti jekundu aliyewekwa na hoteli, na watalii wakiwa na nguo za kuogelea wakapiga picha hadi wakachoka. Tulipewa soda, pipi na kofia za karatasi. Niseme kweli, nilifurahi sana.

Tuliporudi jua lilikuwa linashuka. Hakuna aliyetaja kwa mgema. Watu waliteremka, wakajinyoosha, wakashika njia za kwao. Mama akaniambia hawe hajarudi tangu asubuhi, nikamfuate.

Nikamkuta uani kwa mgema, amempakata mtoto. Ua ulikuwa umefagiwa vizuri na mistari ya ufagio bado ilionekana, isipokuwa njia moja nyembamba ya nyayo za hawe peke yake. Mikeka ilikuwa imetandikwa kote, mikeka mingi kuliko inavyoweza kuwa ya nyumba moja. Mgema alikaa kizingitini na shati lililopigwa pasi. Binti yake alijifunga leso mpya. Aliponiona na kofia yangu ya karatasi alinyanyuka, akachungulia nyuma yangu njiani.

"Wengine wako nyuma?" akaniuliza.

Nikaivua kofia ile. Hawe ndiye aliyemjibu, "Wamechoka na safari. Watakuja." Sikuwahi kumsikia akisema uongo kabla ya siku ile.

Mgema akainuka, akaanza kukunja mikeka mmoja mmoja. Ilikuwa ya kuazima. Aliiazima kwa majirani, na majirani wale walijua ya nini walipompa, kisha wakapanda basi. Sasa ilimbidi azunguke mlango hadi mlango kuirudisha kwa watu wale wale, na kila mlango aseme ahsante. Nilimbebea miwili. Kwenye nyumba ya mwenyekiti tulikuta wanakula pipi. "Weka hapo tu," mwenyekiti alisema, bila kutoka nje.

Mabati yaliletwa. Yapo hadi leo, na mvua ikinyesha humsikii padri. Mwaka uliofuata basi lilikuja tena, kisha likawa ndio desturi. Hawe na wanawake wawili watatu waliendelea kumwendea mzazi hadi miguu ilipomshinda. Watu wa nyumbani kwa mgema hawakuonekana tena kanisani. Mimi nilikua, nikasoma hadi kidato cha nne, nikaketi katika kamati ya kanisa lile lile. Yalipokuja makampuni ya simu na soda yakitaka kuweka mabango yao uani mwa kanisa wakati wa Noeli, sikuinua mkono kukataa. Kwa hiyo nikimkasirikia kijana wa mlangoni, najua alijifunza kwa nani.

Siyo nguo mpya ninayoichukia, wala pilau, wala mtoto kupewa pipi. Ninachokichukia ni kwamba tulikuwa na kitu cha kufanya siku ile, kitu chenye mzigo kichwani na vumbi miguuni, tukakiuza kwa kofia ya karatasi, na sasa tunanunua kutoka dukani kitu kisichomfikia mtu yeyote.

Noeli ya mwaka jana, baada ya ibada, nilisimama nikauliza ni nani kati yetu amejifungua karibuni. Watu wakatazamana. Vijana walidhani nataka kutangaza jambo la zahanati. Mwishowe mama mmoja akasema ameambiwa yuko msichana huko machimbo ya mawe, mgeni, amezaa juzi au wiki jana, jina hamjui. Nikauliza nyumba yake ni ipi. Hakuna aliyejua njia.