Feni ya Nyumba ya Mwisho

Nilipoolewa nikahamia Lodwar, miaka ya tisini ikianza, nilibeba hita ya stima. Usinicheke. Mimi ni mtu wa Limuru, na kwetu stima ni ya kufukuza baridi: Julai ikifika unafunga madirisha, unawasha hita na kuomba isikatike. Mume wangu, aliyekuwa karani wa serikali, aliitazama ile hita akacheka mpaka akakaa chini. "Unataka kulipasha jua moto?" Nilimnunia siku mbili.

Lodwar ilinifunza kalenda nyingine. Stima ya mji ilitoka kwenye mashine za dizeli. Katikati ya mwaka, upepo ukivuma, feni zilipumzika kidogo na taa ziliwaka vizuri. Lakini kuanzia Januari mpaka mvua ije, kama ingekuja, kila mwenye feni aliiwasha na kila mwenye friji aliijaza. Ikifika saa nane mchana balbu ilikuwa uzi mwekundu tu. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kwenye laini, kwa hiyo sisi tulipata makombo.

Binti yetu alizaliwa Januari. Wiki chache baadaye baba yake akahamishiwa Kakuma, ambako jenereta ilikuwa ya ofisi, na chumbani kwake alikuwa na taa ya mafuta. Alikuja nyumbani Jumamosi tu.

Februari mtoto akaacha kunyonya. Alikuwa mwekundu, mlegevu, hata kulia hakulia vizuri. Muuguzi hospitalini alimpima akaniambia si malaria, ni joto: nimpooze, nimnyonyeshe kidogo kidogo, na kama hali haibadiliki kufikia jioni nimrudishe. Nikarudi nyumbani nikawasha feni. Ilizunguka polepole hivi kwamba ningeweza kuhesabu mapanga yake. Niliogopa kama ambavyo sijawahi kuogopa tena.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kiturkana aliyeuza barafu za juisi kutoka kwenye friji yake. Nilimwita dirishani kuomba kipande cha barafu. Aliingia bila hata salamu ya "ejok", akamwangalia mtoto, kisha akaniangalia mimi kwa hasira.

"Mama mtoto, unapika hii mtoto?"

Tulipotoka hospitalini nilikuwa nimemvalisha tena kofia ya sufu, sweta na soksi. Mama yangu alizifuma mwenyewe, akazituma kutoka Limuru, na kwetu mtoto mchanga asiye na kofia ni aibu ya mama yake. Jirani alizivua zote. Akalowesha kanga, akaitundika mbele ya feni. Kisha akaitazama feni ile, akasonya, akatoka nje.

Nikamsikia akipita mlango kwa mlango, sauti yake kali. "Zima friji! Na feni pia zima! Mtoto ya nyumba ya mwisho iko gonjwa!"

Nilidhani watamtukana. Ilikuwa saa nane ya Februari, Lodwar. Lakini redio zikanyamaza moja baada ya nyingine, na watu wakatoka na mikeka yao kukaa kwenye vivuli vyembamba vya kuta. Feni yangu ikaanza kushika kasi. Kanga ikapepea. Chumba kikapoa taratibu, na mimi nikakaa na binti yangu kifuani bila kufanya chochote ila kumtazama.

Kabla ya jioni alinyonya. Nililia kwa sauti, na sikuona haya.

Walifanya hivyo mchana baada ya mchana wiki ile, bila mtu kuniambia lolote. Nilichungulia tu nikaona jirani amekaa mlangoni pake, watoto wa mtaa wamemzunguka, akiwagawia bure barafu zilizogeuka maji.

Jumamosi baba mtoto akateremka kwenye basi la Kakuma, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliukuta mtaa mzima uko nje, kimya, majirani wakijipepea kwa vipande vya katoni. Akaingia akiwa tayari amekunja uso.

"Wamekata stima tena?"

Nikamwonyesha mtoto, aliyelala uchi mbele ya feni iliyokuwa ikivuma.

"Hawajakata," nikamwambia. "Wametuachia sisi yote."