Chura Aliyeandikwa Nusu

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa kumi, jua limekausha hata mate mdomoni, tuliposimama mstari mmoja na mapanga yetu mbele ya kichaka cha baba yangu mdogo, Masanja. Mwanangu, nakusimulia haya bila tumaini kubwa kwamba yatasaidia. Ila mzee akinyamaza, naye huulizwa kwa nini alinyamaza.

Kichaka chenyewe kilikuwa bondeni, nje kidogo ya Bariadi, na ndani yake chemchemi isiyokauka. Humo mlikuwa na giza na unyevu mwaka mzima, wakati nchi yetu yote iliyobaki, wewe unaijua, ni mbuga na miiba. Basi alikuja dada mmoja, mtafiti kutoka Morogoro. Tulimwita Daktari wa Vyura, kwa kumcheka. Akasema humo kuna chura ambaye hajaandikwa bado na mtu yeyote duniani. Ndugu zake wote wanaishi kwenye misitu ya mvua, milimani huko mashariki. Huyu amebaki kwetu kama abiria aliyeachwa na basi.

Nilimwona kwa macho yangu. Mdogo, anaenea kwenye ukucha wa dole gumba. Mgongo wa kijani cha jani changa la kunde, ubavuni mstari wa njano, macho kama shaba mpya. Akilia, ni kama mtu anagonga kijiko kwenye kikombe cha bati. Dada alimpima, akamchora kwa rangi za maji, tena upesi, maana ukishamtia kwenye spiriti ya kumhifadhi, alisema, rangi hukimbia. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini neno hilo sijalisahau.

Shida ikawa moja. Wote aliowapata walikuwa madume. Majike, alisema, hushuka majini mvua ya kwanza ikinyesha, kutaga. Bila jike na mayai yake, maelezo ni nusu. Akamwomba baba mdogo angoje mvua kabla ya kufyeka.

Sasa, mwaka ule ndio soko la pamba lilikuwa limefunguliwa. Zamani ulipeleka ushirika, ukangoja malipo mpaka ukasahau. Safari hii wanunuzi binafsi walifika na magari hadi mlangoni, fedha mkononi. Baba mdogo alikuwa amekwenda Mwandoya, akaona mabati ya wenzake yanavyong'aa. (Mabati mimi pia ninayo siku hizi. Yananioka mchana kutwa.) Mvua ikinyesha, yeye alitaka mbegu iwe ardhini. Akaita kisumba, kile chama chetu cha vijana wanaofanya kazi kwa ngoma, akachinja ng'ombe.

Dada alifika mbio, na baiskeli ya kuazima.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Umekuja kutusaidia kufyeka?"

"Nakuomba, baba. Mvua moja tu."

"Binti yangu, ng'ombe yuko chunguni. Nimwambie arudi zizini?"

Vijana wakacheka. Mmoja akapaza sauti: "Daktari, kama jike hapatikani, si uolewe wewe na hilo dume? Mahari tutakudaia!"

Dada hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja.

Niliona vibaya moyoni, sikufichi. Lakini kwetu ng'ombe wa kisumba akishachinjwa, kazi haiahirishwi. Na atakayeweka panga chini peke yake, wenzake humfunga mdomo kwa methali: mkataa wengi ni mchawi. Unajua jina hilo limewafanyia nini watu huku kwetu. Wahenga walisema mengi mazuri, mwanangu, lakini hiyo moja imetuua.

Ngoma ikalia, tukafyeka. Kabla jua halijafika utosini, chemchemi ilikuwa wazi kama jicho lisilo na kope. Vyura wakawa wanarukaruka juu ya udongo wa moto, hawajui pa kwenda. Tukanawa, tukala nyama.

Nyumbani bibi yangu, Mayu Kabula, hakuitikia salamu yangu. Aliendelea kupeta mtama wake, kisha akauliza:

"Mmeshiba?"

"Tumeshiba, mayu."

"Mngekula tu mkaenda zenu bila kufyeka. Nani angewatapisha?"

Nilitoka nje, nikanawa mikono tena.

Mvua ilikuja. Dada alikaa pale kwenye tope siku nyingi, ameloa, na hakusikia hata dume moja. Pamba ilizaa misimu michache. Kisha chemchemi ikakauka, na bei ikaanguka. Chura aliandikwa hivyo hivyo. Miaka baadaye kijana wa jirani aliyesoma alinisomea: urefu wake, rangi yake, sauti yake. Jike: hajulikani. Mahali anapopatikana: bondeni kwetu, na si kwingine popote.

Mwanangu, siku ukijikuta katikati ya mstari, ngoma inalia, nyama inanukia, na moyo unakuambia hili si sawa, weka panga chini. Watakucheka, watakuita majina. Aibu hiyo huisha. Tulichofyeka sisi hakikuota tena. Sijui kama utaweza. Sisi tulikuwa wengi, wenye nguvu, na hatukuweza, na nikitazama nje naona bado wanachinja ng'ombe.

Mungu akupe sikio la kusikia kilio kidogo penye kelele kubwa. Akupe maji, na akuzuie mkono usiyakaushe. Amina.