Samaki wa Kwenye Chupa

"Bibi, mbona samaki wanapanda juu na kufungua midomo?"

Swali hilo la utotoni lilinirudia juzi, nilipokuwa nikichota maji ya bwawa letu la Munje ili niyapime. Alasiri ile nilipoliuliza, nikiwa mtoto, Bibi alikuwa amemaliza kupulizia bamia dawa ya wadudu, akanituma kuosha bomba. Harufu iling'ang'ania vidoleni, kali kama mafuta ya taa. Kwenye chupa ya dawa palichorwa samaki amelala chali. Nilidhani ameshiba, basi dawa iliyobaki nikawamiminia perege wetu bwawani, wanenepe.

"Wana njaa hao, mjukuu wangu. Watupie ugali."

Niliwatupia. Hakuna aliyeonja.

"Wanachagua kama wageni wa hoteli za Diani!" Bibi alicheka.

Midomo yao iliendelea kupasua maji, pwa, pwa, mpaka pakawa kimya. Wote walielea chali.

Bibi aliamini bwawa limekasirika. Mpaka anafariki alikuwa akilifukizia ubani, nami nikimshikia chetezo.

Chuoni ndipo nilipofundishwa kuisoma ile picha. Samaki yule hakuwa ameshiba. Alichorwa amekufa, ili dawa ile isimwagwe majini.