Kidole cha Bibi

Alichokuwa anatafuna mbwa wangu chini ya kiti hakikuwa kile kitambaa nilichokilowesha na kukigandisha kwenye friji. Kilikuwa kidole gumba cha mguu wa bibi yangu, na bibi alikuwa anaendelea kuchambua maharage na kunisimulia habari za kanisani.

Sikupiga kelele. Nilimwekea mbwa kitambaa puani, akakiachia kidole. Palikuwa na nukta mbili za damu.

Bibi ana kisukari. Mama, anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea huko Parramatta, ameona miguu ya watu ikikatwa kwa vidonda vilivyoanza vidogo kuliko hivyo. Nilipoleta mtoto wa mbwa nyumbani kwetu Seven Hills, alinipa sharti moja tu: asimng'ate bibi.

Kila ninachojua kuhusu mbwa nimejifunza kwenye simu. Ana miezi minne, anaota meno, fizi zinamuwasha. Akiuma, usivute mkono, maana kinachokimbia kwake ni mchezo. Tulia, mpe kitu kingine cha kutafuna, akirudia, inuka uondoke. Niliandika kila alipouma kwenye daftari. Nilitaka ukurasa mmoja usio na alama hata moja, na haukuja. Nikaacha kuhesabu alipouma bila kutoa damu, kisha nikaacha kuhesabu alipouma juu ya nguo. Siku chache baadaye ukurasa ukawa mweupe, nikampelekea mama.

"Ameacha," nilimwambia.

Mama aliamini. Aliondoa kigeti kilichokuwa kinamzuia mbwa kuingia sebuleni.

Sasa nilikirudisha kigeti mbio, mbwa akabaki jikoni analia. Niliosha kidole kwa sabuni, nikamwambia bibi ni mate tu, nikamvalisha soksi. Nikamvua nikaangalia. Nikamvalisha tena. Mara hii soksi ikageuka kisigino juu.

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "mguu ni wangu, mbona jasho linakutoka wewe?"

Nilimwambia yote, na la daftari pia. Nilitegemea anifokee. Alitazama kidole kwa muda, akakigusa, akakigusa tena kwa nguvu zaidi. Akasema twende kliniki upesi, mama tutamwambia tukirudi. Hapo ndipo nilipoona kwamba na yeye anaogopa, nikazidi kuogopa.

Kliniki walikisafisha kidonda, wakampa dawa. Kisha daktari akatoa kiuzi kigumu cha plastiki, cha kupimia kama mguu unahisi. Alinieleza kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria bibi: afumbe macho, na kila akiguswa mguuni aseme "hapo."

"Hapo," bibi alisema.

Kiuzi kilikuwa hewani, mkononi mwa daktari.

"Hapo. Hapo tena," alisema, kwa sauti ileile ya kuongoza kwaya. Daktari alipomgusa kweli, kwenye gumba, kwenye unyayo, bibi alinyamaza. Alikuwa anakisia. Daktari aliniangalia, akauliza kama bibi ameelewa maelekezo.

Bibi alifumbua jicho moja. "Mwambie sikuelewa. Mama yako akijua sisikii kitu mguuni, ataacha kazi akae kunilinda. Tutaishije?"

Njia ilikuwa nyepesi: niseme hakuelewa, tupange siku nyingine, turudi nyumbani na mguu mzima. Mama angefurahi, kama alivyofurahia ukurasa wangu. Na mguu ungeendelea kutembea pekupeku juu ya chochote, bila mtu wa kuuangalia.

"Ameelewa," nilimwambia daktari. "Hasikii chochote."

Bibi aliyafumba tena macho, ingawa kipimo kilikuwa kimekwisha. Daktari aliandika barua ya kwenda kwa mtaalamu wa miguu. Njiani bibi alinishika mkono tu wakati wa kuvuka barabara, akauachia tulipofika ng'ambo.

Mama alirudi kutoka shifti jioni akatukuta tumekaa kwenye kochi, barua katikati yetu. Aliisoma akiwa bado na mkoba begani. Akapiga magoti, akavua soksi ya bibi, akaushika mguu kama anavyoishika miguu ya watu wengine mchana kutwa.

"Tangu lini?" aliuliza.

Hakuinua kichwa, kwa hiyo sikujua anamuuliza nani kati yetu. Bibi alikuwa anatazama dirisha. Nikaanza mimi, na lile la daftari.