Wiki Moja ya Dobi na Binti Zake

Siku yangu ya kwanza ya udobi, katika hoteli moja ya Galu, sikugusa maji. Msimamizi wetu, mama wa makamo tuliyemwita Bi Msimamizi, alinisimamisha mbele ya rundo la nguo akasema, "Kutenga kwanza. Soksi moja nyekundu itaharibu mashuka yote." Kutenga ni kugawa: meupe kando, ya rangi kando, taulo peke yake. Nilitenga miezi mitatu ndipo nikapelekwa kwenye rola, mashine ya moto inayomeza shuka bichi na kulitoa limenyooka upande wa pili.

Nilikuwa bado kwenye rola wakati mke wangu, Mwanaisha, alipolazwa hospitali Msambweni. Alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu na presha ilikuwa imempanda. Nikarudi nyumbani Bongwe peke yangu kwa binti zetu wawili: Mejumaa wa darasa la tano, na Saumu wa darasa la kwanza.

Jumatatu, kabla ya uji kuchemka, Saumu alisema, "Baba, mwalimu anataka nywele zisukwe." Nilijaribu, nikampa mafundo matupu. Kazini nilimweleza Bi Msimamizi. Alicheka, akachukua nyuzi za mopu kuukuu akazifunga kwenye mpini. "Mashuka mia unayaweza, kichwa kimoja kikushinde? Shika mafungu matatu. La pembeni lipite juu ya la kati."

Jumanne Saumu alitoka na mistari minne iliyopinda. Alijitazama kwenye kioo kwa muda. "Umejitahidi, Baba," akasema.

Jumatano ilikuwa ya maboksi na vifuniko vya chupa, kwani mwalimu wa Mejumaa alitaka kila mtoto atengeneze nyumba. Jioni nikawapeleka madrasa, nikafua sare, nikasahau kula.

Alhamisi rola ilikwama na shuka ndani, na wageni wengi walikuwa wakihama vyumba. Saumu alikuwa akitoka shule saa saba, nami nilikuwa nikipewa ruhusa ya kwenda kumchukua. Siku hiyo nilipoinua macho ilikuwa saa tisa. Nilikimbia nikiwa na aproni. Langoni nilimkuta mlinzi peke yake.

"Dada yake amemchukua," akasema.

Niliwakuta nyumbani wakila mihogo. Mejumaa alikuwa ameacha mtihani wa hesabu katikati.

"Nilimwona kupitia dirisha la darasa, amekalia begi lake langoni," aliniambia. "Sikuweza kuandika tena."

Nilimwomba radhi. Naye akanijibu, "Usimwambie Mama. Presha itapanda."

Ijumaa nilikwenda kwanza kwa mwalimu wake, naye akakubali mtoto arudie mtihani. Kisha nikamkabili Bi Msimamizi, nikitarajia kufokewa kwa kuiacha mashine.

"Mbona hukusema?" akaniuliza. "Rola ikikwama tunaizima. Mtoto atazimwa wapi?" Akaniweka zamu ya alfajiri, nitoke saa sita, na jirani akakubali kuwapeleka watoto shule.

Jumamosi tulikwenda Msambweni tukamkuta Mwanaisha amepasuliwa salama, na mtoto wa kiume yuko kifuani pake. Akaziona nywele za Saumu. "Nani kakusuka hivi?" Alipoambiwa ni mimi, alicheka huku ameshika mshono. Mejumaa hakuitaja Alhamisi, wala mimi sikuitaja.

Miaka ilipita, na Bi Msimamizi alipoondoka kazini nilipewa nafasi yake. Kila mfanyakazi mpya nilimfundisha kutenga, lakini swali langu la kwanza lilikuwa, "Watoto wako huchukuliwa na nani shule?" Jibu nililiandika kwenye orodha ya zamu. Wengine walidhani ni udadisi wa mzee.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani mchana kutwa. Juzi tukichambua mchicha, nilimwambia Mwanaisha habari ya Alhamisi ile.

"Najua," akasema. "Saumu alininong'oneza siku ileile, palepale kitandani Msambweni."

"Miaka yote hii! Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuona ulivyokonda kwa wiki moja, mume wangu. Nikasema, huyu ameshajiadhibu." Akanisogezea fungu jingine la mchicha, tukaendelea kuchambua.